Nani Yu Karibu na Nani: Vihisi, Daftari na Utafiti wa Jamii za Wanyama Mwambaoni mwa Tanganyika

Utafiti wa maisha ya kijamii ya wanyama umebadilika sana katika miongo miwili iliyopita, kwa kuwa kazi iliyokuwa ikifanywa na mtu mwenye darubini na daftari sasa hufanywa kwa sehemu kubwa na vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima jambo moja la kimaumbile, kama vile mahali, mwendo, sauti au ukaribu, na kulirekodi usiku na mchana bila kuchoka. Kwa wingi wa data jicho la binadamu limekwisha kushindwa, na hapo hapana ubishi. Linalobaki kuchambuliwa ni data hizo zinaeleza nini hasa kuhusu jamii ya wanyama, na zinahitaji kuambatana na nini ili ziwe elimu badala ya kuwa rundo la nukta kwenye ramani. Mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji na Kigoma hadi Gombe upande wa kaskazini na Mahale upande wa kusini, ni mahali panapofaa kulipima swali hilo, kwa sababu sokwe wa Gombe wamefuatiliwa mmoja mmoja, kwa majina, tangu Jane Goodall alipofika huko Julai 1960, na wale wa Mahale tangu Toshisada Nishida wa Japani alipoanza kazi yake mwaka 1965, kwa njia ambayo haikutegemea kufungwa kifaa chochote mwilini mwa mnyama.

Vihisi vyenyewe havifanani, na kila kimoja kina kasoro inayotokana na ubora wake. Kola za GPS, ambazo wahifadhi wa Tanzania wamezoea kuziita visukuma mawimbi, hupokea ishara za setilaiti na kukokotoa mahali alipo mnyama kwa makosa ya mita chache; zinafaa kwa tembo, simba au nyani, lakini hula betri haraka, hivyo mtafiti hulazimika kuchagua kati ya kurekodi kila sekunde kwa wiki kadhaa au kila baada ya saa kadhaa kwa miaka. Vipima mchapuko hurekodi mtikisiko wa mwili katika pande tatu, na kutokana na mtikisiko huo kompyuta inaweza kufunzwa kutambua kama mnyama anatembea, anakula au amelala. Vipo pia vitambulisho vidogo visivyo na betri, vinavyowekwa chini ya ngozi au kufungwa mguuni, ambavyo husomeka mnyama anapopita karibu na antena. Na vipo vihisi vya ukaribu, ambavyo havijui mahali popote duniani ila hutumiana mawimbi ya redio na kurekodi kwamba kihisi hiki kilikuwa jirani na kile kwa muda fulani. Uzito ndio mpaka wa yote hayo, kwa kuwa kanuni inayofuatwa na watafiti wengi ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mnyama, na kwa kanuni hiyo sehemu kubwa ya viumbe wanaoishi kwa jamii, kuanzia wadudu hadi samaki wadogo, hubaki nje ya uwezo wa kola yoyote.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye mitego, ni kutoka kwenye mahali kwenda kwenye mahusiano. Njia iliyozoeleka ni kujenga mtandao wa kijamii, yaani mchoro ambamo kila mnyama ni nukta na kila uhusiano ni mstari unaounganisha nukta mbili, mstari ukiwa mnene kadiri wawili hao wanavyoonekana pamoja mara nyingi. Hesabu hii husimama juu ya dhana kwamba wanaokutwa pamoja wana uhusiano, dhana ambayo mara nyingine ni kweli na mara nyingine ni bahati tupu. Sokwe wawili wanaweza kukutwa kila asubuhi kwenye mti mmoja kwa sababu ni ndugu wasioachana, au kwa sababu mti huo una matunda mabivu na hakuna mwingine karibu. Kihisi kitarekodi jambo lile lile katika hali zote mbili. Ili kutenganisha hali hizo, watafiti hulinganisha mtandao halisi na maelfu ya mitandao ya kubuni, ambayo kompyuta huitengeneza kwa kuchanganya data upya kwa nasibu huku ikihifadhi mambo kama idadi ya siku na mahali wanyama walipoonekana, na ni pale tu mtandao halisi unapotofautiana sana na ile ya nasibu ndipo inaposemwa kwamba wanyama wamechaguana. Mchanganyo huo una nguvu, lakini hauwezi kuondoa jambo ambalo mtafiti hakulifikiria, na asiyewajua wanyama hawezi kulifikiria.

Hapa ndipo kazi ya Gombe inapostahili kutazamwa kwa karibu, maana mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya mwanamke mmoja na subira yake, ilhali kwa upande wa data ni kitu kingine kabisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 utaratibu wa Gombe umekuwa wa kumfuata sokwe mmoja aliyechaguliwa, ikiwezekana tangu anapoamka kwenye kiota chake hadi anapojenga kingine jioni. Watafiti wa mwituni hutoka gizani ili wawe chini ya mti kabla sokwe hajashuka. Mmoja huandika maelezo ya matendo yanapotukia: nani amemsafisha nani manyoya, nani amempisha nani, nani amepiga kelele na nani amejibu; mwingine hushughulikia jedwali, ambamo hujaza saa na dakika ambapo kila sokwe mwingine alijiunga na kundi na alipoondoka, na kila baada ya dakika 15 huweka alama ya mahali kwenye ramani ya bonde. Anayelisoma jedwali hilo leo atatambua mara moja kwamba ni data ya ufuatiliaji yenye kila sifa ya data ya kihisi: kitambulisho, wakati, mahali na ukaribu. Tofauti ni kwamba kifaa kilichozizalisha ni mtu, na kwamba mtu huyo aliandika pembeni jambo ambalo kifaa hakiwezi kuandika, yaani kilichotendeka.

Wengi wa watu hao walikuwa Watanzania wa vijiji na miji ya Kigoma, na maelezo yao waliyaandika kwa Kiswahili, yakatafsiriwa baadaye kwa Kiingereza. Umuhimu wao ulidhihirika baada ya Mei 1975, wakati watu wenye silaha waliovuka ziwa kutoka Zaire walipowateka wanafunzi wanne wa kigeni kambini Gombe; wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondolewa na mfululizo wa rekodi ukabaki mikononi mwa Watanzania, ambao waliuendeleza. Hata kabla ya hapo, Januari 1974, aliyeshuhudia shambulio la kwanza la sokwe wa kundi la Kasakela dhidi ya Godi, dume wa kundi la Kahama, alikuwa Hilali Matama, na bila jicho lake sayansi ingejua tu kwamba Godi hakuonekana tena. Ni haki kusema kwamba katika vitabu vingi vya nje majina ya watu hawa yamewekwa nyuma mno kuliko kazi yao inavyostahili.

Shambulio hilo lilifungua mfululizo wa mauaji ya mwaka 1974 hadi 1978 ambao Goodall aliuita vita vya miaka minne, na ambao kwisha kwake kulikuwa kutoweka kwa madume wote wa Kahama. Jambo lililobaki bila jibu kwa miongo ni kwa nini jamii moja iligawanyika kwanza hata pakawa na Kasakela na Kahama. Mwaka 2018 Joseph Feldblum, pamoja na Anne Pusey, Ian Gilby na wenzao, walilirudia swali hilo kwa kutumia rekodi za kituo cha ndizi, yaani mahali kambini ambapo sokwe walipewa ndizi na kila aliyefika aliandikwa jina na saa. Kimantiki, kituo hicho kilifanya kazi ile ile inayofanywa na kilishio chenye antena, kama vile katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, ambako ndege wadogo waliofungwa vitambulisho mguuni husomwa kila wanapokuja kula mbegu: vyote viwili hurekodi nani amefika na nani. Rekodi za karatasi za Gombe zilipoingizwa kwenye kompyuta na kugeuzwa mitandao ya vipindi mbalimbali, ilionekana kwamba madume wa kaskazini na wa kusini walichangamana vya kutosha hadi kufikia takriban mwaka 1971, kisha wakaanza kutengana haraka. Na watafiti hao waliuhusisha utengano na ushindani wa ukubwa kati ya Humphrey, aliyekuwa ameshika nafasi ya juu, na Charlie na Hugh wa upande wa kusini, waliodhaniwa kuwa ndugu, wakati ambapo majike wenye uwezo wa kuzaa walikuwa wachache.

Matokeo hayo yanaonyesha mambo mawili kwa pamoja, na wachambuzi wengi hutaja moja tu. La kwanza ni kwamba hesabu ya mtandao iliweza kuona ufa kwa namna ambayo jicho la siku kwa siku lisingeweza kuupima, kwa maana aliyekuwapo kambini mwaka 1971 aliona mambo ya siku ile, si mwelekeo wa miaka mitano. La pili ni kwamba mtandao peke yake ungetoa nukta zinazoachana bila sababu. Kwamba Charlie na Hugh walikuwa wakishirikiana kama ndugu, kwamba Humphrey aliwaogopa, ni mambo yaliyotoka katika daftari. Isitoshe, kituo chenyewe kilikuwa na dosari ambayo kila kilishio kina nayo, kwa kuwa chakula kinachowekwa na binadamu huwakusanya wanyama mahali na kwa wingi ambao wasingekusanyika wenyewe. Wapo waliodai, Margaret Power akiwa maarufu kati yao, kwamba ndizi ndizo zilizowafundisha sokwe ukali. Dai hilo lilipata pigo kubwa mwaka 2014, pale Michael Wilson na wenzake walipokusanya taarifa za jamii 18 za sokwe barani Afrika, zikiwa na matukio 152 ya mauaji yaliyoshuhudiwa, kukisiwa au kushukiwa, na kukuta kwamba kiwango cha mwingiliano wa binadamu hakikueleza tofauti za mauaji kati ya jamii hizo. Hata hivyo, onyo kuhusu kilishio linabaki palepale kwa yeyote anayetega antena juu ya chakula. Gombe iliacha kabisa kutoa ndizi mwaka 2000.

Nguvu ya vihisi inaonekana vizuri zaidi kwa nyani, na mfano wake bora unatoka Kenya. Mwaka 2012, katika kituo cha Mpala, Laikipia, watafiti wakiwamo Margaret Crofoot, Ariana Strandburg-Peshkin, Damien Farine na Iain Couzin waliwavisha nyani wengi wa kundi moja kola zilizorekodi mahali kila sekunde mchana kutwa, na katika uchambuzi wao uliochapishwa mwaka 2015 walitumia nyani 25 kwa siku 14. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: kundi linapoondoka, nani huamua njia? Waliposoma mamilioni ya nukta kwa kutafuta nyakati ambapo nyani mmoja alijitenga na mwingine ama akamfuata ama akamrudisha kwa kukataa kusogea, waligundua kwamba wenye vyeo vya juu hawakufuatwa zaidi ya wengine. Nyani walifuata pale waanzilishi wengi walipokubaliana. Waanzilishi walipotofautiana kidogo kwa pembe, kundi lilipita katikati, na walipotofautiana sana, lilichagua upande mmoja, mara nyingi ule wenye watu wengi, kama inavyofaa kusema kwa mzaha. Mtu mwenye daftari asingeweza kuyaona hayo, kwa sababu hawezi kuwatazama nyani 25 kwa sekunde moja.

Nyani wa Mpala ni spishi ile ile ya nyani wanaotembea ufukweni Gombe, ambao nao wamechunguzwa tangu mwaka 1967, na ulinganifu huo ni wa manufaa. Siku 14 za kola zilieleza uamuzi wa dakika. Zisingeweza kueleza nani alizaliwa na nani, dume gani alihamia kutoka kundi lipi, au binti wa jike mwenye cheo aliishia na cheo gani baada ya miaka 10, mambo ambayo ndiyo mifupa ya jamii ya nyani na ambayo hupatikana kwa kukaa tu. Kituo hicho hicho cha Mpala kimeonyesha njia ya kuunganisha mikono miwili: Farine na Danai Papageorgiou waliwavisha pete za rangi mamia ya kanga wa aina yenye kichwa kisicho na manyoya, wakawafuata kwa macho mwaka mzima, kisha wakafunga GPS kwa wachache wa kila kundi, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba makundi ya ndege hao huungana na makundi maalumu mengine kwa upendeleo, muundo wa jamii za ngazi nyingi ambao hadi hapo ulidhaniwa kuwa wa wanyama wenye ubongo mkubwa.

Kwa nini basi sokwe wasivishwe kola? Sababu ni za kimwili kabla ya kuwa za kimaadili. Sokwe ana vidole, ana nguvu, na ana wenzake wenye vidole ambao hutumia saa nyingi kusafisha manyoya yake na kudadisi kila kitu kigeni kilichomo. Kumlaza kwa dawa ni hatari, maana aliyepigwa sindano hupanda mtini na kuanguka. Zaidi ya hayo yapo maradhi: polio ya mwaka 1966 na milipuko ya magonjwa ya njia ya hewa iliyofuata iliua na kulemaza sokwe wa Gombe, na tangu hapo kila hoja ya kumkaribia mnyama hupimwa kwa woga huo. Kwa hiyo teknolojia imelazimika kubaki nje ya mwili. Katika bonde la Issa, kwenye miombo ya mashariki ya ziwa, Alexander Piel na Fiona Stewart wametumia vinasa sauti vilivyotegwa mitini, baadhi vikiendeshwa kwa nishati ya jua, pamoja na kamera za kujipiga zenyewe, ili kujua sokwe wasiozoea binadamu wanapita wapi na lini. Kwa upande wa nyuso, kundi la watafiti wa Oxford na Japani lilionyesha mwaka 2019, kwa video za miaka 14 kutoka Bossou nchini Guinea, kwamba kompyuta iliyofunzwa inaweza kuwatambua sokwe 23 kwa sura kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Lakini kompyuta hiyo ilifunzwa kwa picha ambazo kwanza mtu aliyewajua sokwe hao alizibandika majina.

Ziwani mambo ni tofauti, na pengine ndiko kuliko na mustakabali mkubwa zaidi. Tanganyika ina spishi zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sikildi, karibu wote hawapatikani kwingine, na miongoni mwao wapo wanaoishi kwa koloni za kweli. *Neolamprologus multifasciatus*, samaki wa sentimita tatu hivi, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono wa ziwani, kila samaki na kombe lake, makundi yakipakana kwa umbali wa sentimita chache tu. Na *Neolamprologus pulcher* na jamaa zake hulea watoto kwa msaada wa samaki wasio wazazi, jambo lililoelezwa na Michael Taborsky na Dominique Limberger mwaka 1981. Samaki wa ukubwa huo hawezi kubeba kifaa chochote, lakini dunia yake yote hutosha ndani ya picha moja ya kamera iliyosimikwa juu ya mchanga, na programu za kufuatilia video huweza kuchora njia ya kila mmoja wao. Kundi la Alex Jordan la Taasisi ya Max Planck huko Ujerumani limefanya kazi ya namna hii, hasa upande wa Zambia. Maji nje ya Kigoma nayo yana mashapo makubwa ya makombe ya aina hiyo. Inafurahisha kwamba samaki wenyewe hutumia mbinu ya kompyuta: Masanori Kohda na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba *pulcher* hutambuana kwa alama za usoni.

Kumfuatilia samaki mmoja mmoja namna hiyo hakuwezekani kwa dagaa. Wavuvi wa Ujiji na Kibirizi, wanaotoka na taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali, wanajua tabia ya kundi la dagaa kuliko kihisi chochote kilichopo, na chombo cha utafiti *Tanganyika Explorer*, kilichopima ziwa kwa mwangwi wa sauti katika miaka ya 1990, kilikadiria wingi wa samaki wa kilindini bila kuweza kusema lolote kuhusu samaki mmoja. Mahali pasipo na utambulisho wa mmoja mmoja pana data ya kundi, wala hapana data ya jamii.

Mpaka huo unathibitishwa hata na wadudu, ambao ndio wenye koloni kwa maana kamili. Danielle Mersch, Alessandro Crespi na Laurent Keller wa Lausanne waliwabandika sisimizi wote wa koloni sita alama ndogo zinazosomwa na kamera, wakawafuatilia kwa siku 41, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba wafanyakazi hugawanyika katika makundi matatu, ya walezi, wasafishaji na watafutaji chakula, na kwamba huhama kutoka kundi moja hadi jingine kadiri umri unavyokwenda. Kilichowezesha ugunduzi huo ni alama iliyompa kila sisimizi utambulisho wake. Bila ya alama, kamera ile ile ingeonyesha mchemko tu.

Lipo pia suala la nani anashika data. Mahali alipo mnyama ni siri yenye thamani kwa jangili, na mwaka 2013 nchini India palikuwa na jaribio la kuingilia taarifa za kola ya chui milia mmoja. Data za kila dakika zinahitaji ulinzi sawa na wa mnyama mwenyewe. Rekodi za Gombe kwa upande wao zimehifadhiwa na kuchambuliwa kwa miaka mingi katika vyuo vya Marekani, Minnesota kwanza, kisha Duke na baadaye Arizona State, na uchambuzi mkubwa umetoka huko. Si kosa la waliozihifadhi, ambao waliziokoa na mchwa na unyevu, lakini ni hali isiyo ya kawaida kwamba maandishi ya Kiswahili ya watu wa Kigoma husomwa zaidi na wanafunzi wasiojua Kiswahili, kupitia tafsiri.

Kwa hiyo kola ina nafasi yake kwa nyani, kamera kwa samaki wa makombe na kinasa sauti kwa sokwe wa miombo, lakini kwa sokwe wa Gombe kihisi bora bado ni mtafiti wa mwituni anayewajua, akiwa na GPS mkononi mwake na si shingoni mwa mnyama. Vyuo vikuu vya Tanzania vinavyofundisha sayansi ya wanyamapori, Dar es Salaam na Sokoine vikiwa mbele, vingefanya vyema kuwafundisha wanafunzi hesabu ya mitandao kwa kutumia majedwali hayo ya Kiswahili kabla ya kuagiza vifaa vipya, na kuwaleta darasani, wakiwa hai na wana nguvu, wale walioyajaza.